Treni ya Mukendo

Wanzagi alifikisha miaka hamsini bila kuona treni kwa macho yake, na bado treni ndiyo iliyomlisha. Alikuwa mpiga picha mwenye chumba kimoja cha studio mtaa wa Mukendo, mjini Musoma, na ukutani mwa chumba hicho kulining'inia kitambaa kipana cha marekani alichokichora kwa mkono wake: kichwa cha treni ya mvuke, cheusi tii, bomba likitema moshi, magurudumu makubwa, na nyuma yake mlima wenye kilele cheupe. Aliiga kutoka kwenye kalenda ya zamani. Kalenda ilikuwa na mlima, naye hakuona sababu ya kubishana na kalenda.

Mtu wa Musoma aliyetaka kupanda treni ilimbidi kwanza asafiri mpaka Mwanza, na wengi hawakuwa na shughuli ya kuwafikisha huko. Ndiyo maana waliipenda treni ile. Wavuvi wa Majita na wakulima wa pamba wa Bunda walikuja baada ya mavuno, wakasimama mbele ya kitambaa na kukaza shingo. Asiye na koti alivalishwa koti la studio. Asiye na saa alifungwa mkononi saa iliyokufa zamani. Kulikuwa pia na redio kubwa ya kubeba, nzuri kwa nje, ndani haina kitu ila mende. Mtu aliingia mkulima akatoka msafiri. Na kwa kuwa mashine ya picha ya Wanzagi ilikuwa na ukungu kidogo wa uzee, kitambaa kilipoingia kwenye picha kilitoka kikiwa treni kabisa, na asiyejua angeweza kuapa.

Basi ukaja mwaka wa themanini na tatu, mwaka wa msako. Maduka yalikuwa yamebakiwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia. Sabuni, chumvi, mafuta ya taa, nguo, vyote vilikuwa vitu vya kusikia tu. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa kwa miaka, na kila kipande cha sabuni chenye harufu nzuri kilikuwa kimevuka kwa njia za panya. Serikali ikatangaza vita dhidi ya walanguzi, na vita hiyo ilipofika Mara watu wakaanza kuogopa hata vitu vyao vya halali. Kuna asubuhi ufuko wa Mwisenge ulitoa povu kana kwamba ziwa limeamua kufua. Aliyekuwa na shuka jipya alilipaka matope. Jirani akikohoa, unajiuliza anamkoholea nani.

Katikati ya hofu hiyo zikaja habari za Magesa, mkulima wa pamba wa Manyamanyama, kule Bunda. Amekamatwa. Ndani kwake wamekuta sabuni kidogo na picha iliyoliwa na moshi wa jikoni mpaka huwezi kujua ni ya mwaka gani: Magesa mwenyewe, amesimama mbele ya treni ya mvuke, koti mwilini, redio mkononi. Wapelelezi wamesema hapo ni stesheni ya Kisumu, na huyo ni mlanguzi akiwa kazini.

Wanzagi aliposikia hayo hakufikiri mara mbili, na laiti angefikiri. Alizoa filamu zote za treni pamoja na picha za mfano zilizokuwa dirishani, akazitia kwenye debe nyuma ya studio na kuzichoma. Alichochea kwa kijiti mpaka zikawa majivu, na hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza kitu. Alipomaliza alijisikia salama kwa muda wa kunawa mikono tu.

Kesho yake asubuhi Esta, mke wa Magesa, akaingia studio. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alikuja juu ya lori la pamba, na nyuzi nyeupe zilikuwa bado zimemganda kichwani. Alikaribishwa kiti, hakukaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Poleni na yaliyowapata."

"Baba Silasi amewaambia ukweli," Esta alisema. "Amewaambia hiyo treni ni kitambaa, kiko Musoma kwa Wanzagi. Wakamcheka. Mkubwa wao, wanamwitaga Afande Wenceslaus, akauliza kitambaa gani kinatoa moshi. Lakini amesema kama kipo kiletwe akione. Kisipofika mpaka Ijumaa, wanampeleka mbele na wenzake. Na wale walioenda mbele, mzee, sisi hatujawaona tena."

Akageuka kutazama ukuta. Ukuta ulikuwa mtupu, misumari tu imebaki.

"Treni iko wapi?"

"Iliharibika."

"Iliharibikaje?"

"Panya," alisema Wanzagi. "Panya walikula, mama."

"Wakaimaliza yote?"

Wanzagi akainamisha kichwa kukubali. Esta akasema, "Basi tupe filamu. Ile unayotoleaga picha." Lakini alipokuwa akisema hivyo pua yake ilikuwa imeshanasa harufu iliyobaki chumbani, na macho yake yakaenda mpaka mlango wa nyuma, likaonekana lile debe lililoungua ubavu.

"Umechoma," alisema.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

Panya walikuwa wameonewa. Mwaka uliotangulia, Wanzagi alikiteremsha kitambaa kile mwenyewe, kiwe sanda ya mama yake. Mama Hana alifariki Butiama wakati ambapo Musoma nzima haikuwa na yadi moja ya nguo nyeupe. Hata maiti alihitaji kibali, na ukishapata kibali unaambiwa nguo hakuna. Watu walikuwa wakizikwa na magunia. Sasa Wanzagi, mtoto wa mjini, yule ambaye ukoo mzima ulimtolea macho, angefika msibani mikono mitupu? Alikiloweka kitambaa, rangi haikutoka. Akakikunja upande mweupe nje na treni ndani, akapanda nacho gari mpaka Butiama, na mlangoni kwa mama yake akamkabidhi dada yake, Wankyo, mbele ya watu wote. Alisema ni marekani mpya, kaipata kwa kibali. Wanaume walimsifu. Kaka yao Makongoro, mkuu wa boma, alisema mama analala kama mke wa mtemi.

Wanawake wakafunga mlango wakaosha mwili, kama ilivyo desturi, mwanamume hatii mguu. Walipotoka na mama amefunikwa, Wanzagi hakuinua macho. Alitazama viatu vyake mpaka shimo likajaa udongo.

Tangu siku hiyo hakupata raha. Mama Hana alikuwa mtu wa kuogopa baiskeli. Ikija, yeye anaingia majanini mpaka ipite. Mtu wa namna hiyo kumlaza uso kwa uso na injini, gizani, milele. Wanzagi alikuwa akiliwaza hilo anapokula na anapokunywa. Ng'ombe wa Makongoro walipoanza kufa, wazee wakauliza marehemu anadai nini, na yeye alikuwa wa kwanza kusema ni ndigana tu, ugonjwa wa kupe, waoge dawa. Alisema haraka mno. Dada yake alimtazama siku hiyo, naye akaogopa hata macho ya dada yake.

Na sasa hili. Akimwambia afande kitambaa kiko wapi, afande atajibu neno moja: tufukue. Asipomwambia, Magesa anakwenda kusikojulikana kwa sababu ya picha aliyopigwa na yeye, na koti la kwake, na redio yenye mende.

"Wako watu wenye picha kama hiyo," alimwambia Esta. "Wengi. Tukipata moja tu, afande ataona treni ni ileile, haisogei hata kidogo. Twende Mwisenge."

Alimpeleka kwa mwalimu Florian, ambaye picha yake ya harusi, yeye na Tereza mbele ya treni, ilikuwa fahari ya sebule. Mwalimu aliwakaribisha vizuri. Aliulizia hali ya pamba huko Bunda. Ilipotajwa picha, uso wake ukabadilika.

"Picha gani?"

"Ya harusi, mwalimu. Niliwapiga mimi."

Florian alitoa kicheko kikavu. "Mimi sijawahi kupiga picha na treni, Wanzagi. Utakuwa umenifananisha na mtu."

Ukutani, juu kidogo ya kichwa chake, kulikuwa na mraba msafi kuliko ukuta wote, na msumari wake. Tereza alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Aliutazama mraba ule, kisha akatazama sakafu.

"Mwalimu," alisema Esta, "mume wangu anapotea."

"Pole sana, dada yangu," alisema Florian, na alimaanisha, maana machozi yalimlengalenga. Lakini alikuwa ameshasimama kuwafungulia mlango.

Nyumba ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Mama mmoja aliapa kwa jina la Yesu kwamba hata sura yake haijui. Kutoka Mwisenge mpaka Mukendo hapakuwa na mtu aliyewahi kupigwa picha. Mji mzima ulikuwa umeishi bila sura. Wanzagi alitembea nyuma ya Esta kama mtu anayesindikizwa, na kila mlango ulipofungwa alizidi kumwona Florian, na kila alipomwona Florian alijiona mwenyewe na kile kijiti chake juu ya debe. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

Walipofika barabarani Esta akasimama.

"Mzee, hawa wanaogopa kufungwa. Nawaelewa, hata mimi naogopa. Lakini wewe unaogopa kitu kingine. Sikulazimishi useme. Mimi nitarudi Bunda nimwambie Baba Silasi kwamba nilifika."

Nitarudi nimwambie nilifika. Hakuna tusi ambalo lingemwuma zaidi. Wanzagi alirudi studio, akachukua koti na redio, akafunga mlango kwa kufuli, na mchana huo yeye na Esta wakapanda lori lililokuwa likirudi Bunda kufuata pamba.

Afande Wenceslaus, waliyemkuta kituoni, alikuwa mtu wa Songea, mpole, mwenye macho ya kukosa usingizi. Wanzagi alikuwa amejiandaa kwa mtu wa kufoka, si kwa upole ule. Magesa alikuwa ameketi sakafuni pembeni ya meza, hana mkanda, hana viatu. Alipomwona mkewe alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa.

"Ndugu Wanzagi," alisema afande, akaisogeza picha mezani kwa kidole kimoja. "Hapa ni wapi?"

"Mukendo, afande. Studio kwangu."

"Mukendo kuna reli?"

"Hakuna, afande."

"Mwanza nimefika. Stesheni ya Mwanza haina mlima mweupe nyuma yake. Dodoma nimefika, haina. Tabora wenzangu wamefika, haina. Wa Moshi una kilele bapa, huu umechongoka. Sasa mlima mweupe kama huu uko wapi? Uko Kenya. Mpaka jina wanagawana." Akachukua kalamu na kugusa doa dogo lililong'aa karibu na bomba la treni. "Na hii ni taa ya stesheni. Kitambaa kina taa?"

"Hicho ni kiraka, afande. Panya walitoboa, dada yangu akashona kwa uzi mweupe." Safari hii panya walihusika kweli.

Akaweka koti na redio mezani. Afande akafungua mgongo wa redio kwa ncha ya kisu, mende akatoka, akapita juu ya picha akashuka upande wa pili. Askari mmoja alicheka, akajizuia. Koti nalo lilipimwa na la pichani, kifungo cha katikati hakipo huku, hakipo kule.

"Koti nimelikubali," alisema afande. "Redio nimeikubali. Lakini mtu anaweza kuazima koti Mukendo akaenda nalo Kisumu. Treni, ndugu. Treni iko wapi?"

Magesa alimtazama Wanzagi kutoka pale sakafuni, na macho yale hayakumdai kitu, yalikuwa yameshachoka kudai. Wanzagi akasikia mtu anasema, na mtu huyo alikuwa yeye.

"Iko Butiama, afande. Kwa mama yangu."

"Basi twende kwa mama yako."

Wakapakiwa wote kwenye Landrova: afande mbele na dereva, nyuma Magesa amefungwa pingu, Esta, askari mmoja, na Wanzagi na koti lake mapajani. Hakuwa amesema uongo, lakini hakuwa amesema yote, na kila kilima kilichopita nyuma ya gari kilizidi kumshtaki. Alijaribu kusema Bunda mjini, akashindwa. Alijaribu tena penye daraja. Walipoipita Nyamuswa akaona akichelewa zaidi itakuwa uongo.

"Afande," alisema, "mama yangu ni marehemu. Nguo haikuwepo. Kile kitambaa nilimzikia."

Esta alifunga macho. Dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa. Afande Wenceslaus hakugeuka. Akamwuliza dereva, kwa sauti ileile ya upole:

"Koleo lipo?"

"Lipo, afande."

Gari likaongeza mwendo tena.

Boma la Makongoro lilikuwa kwenye mteremko wa mawe, na kaburi la mama lilikuwa upande wa chini, karibu na migomba. Watu wa nyumba za jirani walikusanyika kabla injini haijazimwa, maana siku zile Landrova haikumletea mtu heri. Makongoro, mzee wa mwili mkubwa, alitoka zizini na fimbo yake. Afande alimsalimia kwa heshima, shikamoo kamili, kisha akaeleza yote kwa maneno machache, bila kuficha na bila kupamba. Wanzagi alitamani apambe.

Makongoro alimgeukia mdogo wake.

"Ulisema ni marekani mpya."

"Marekani ilikuwa, kaka," alisema Wanzagi. "Upande mmoja."

"Na upande wa pili?"

"Treni."

Mzee mmoja alishika kichwa. Mwingine alianza kuhesabu kwa sauti ng'ombe waliokufa, na kila ng'ombe alipotajwa watu waliitika kwa kuguna, kama sasa wamejua. Wanzagi aliwasikia, naye akaamini pamoja nao. Alikuwa amewaletea mauti bomani, akayanyamazia mwaka mzima.

Askari alichukua koleo akaanza kushuka kwenye migomba. Makongoro akampita, mbio za mtu ambaye hakimbii, akafika kaburini na kuketi juu yake, fimbo magotini.

"Anza na mimi," alisema.

"Mzee, tafadhali," alisema afande.

"Nimekwambia uanze na mimi, mwanangu. Mimi ndiyo niko juu."

Askari alimtazama mkubwa wake. Afande akavua kofia, akajifuta uso, na Wanzagi akaona kitu kilichomtisha kuliko koleo: yule afande pia alikuwa anaogopa, na angefanya kazi yake hivyo hivyo.

"Mwinueni," alisema afande.

"Acheni," ilisema sauti ya mwanamke. "Hakimo."

Alikuwa Wankyo. Alitoka nyuma ya jiko, mikono imejaa unga wa mtama mpaka viwikoni. Alipita katikati ya wanaume bila kuomba njia.

"Hakimo humo," alirudia. "Tulipofunga mlango nikakikunjua, nikaliona lile dubwana. Nikasema, huyu mama aliogopaga baiskeli, nitamfunga vipi na hili?"

"Ulimfunga na nini?" aliuliza Makongoro.

"Na ngozi. Ya fahali mliyemchinja msibani. Kama walivyozikwaga bibi zetu. Juu nikaweka shuka langu jeupe lililochakaa, halishoneki hata kaptula."

"Ngozi ile ulisema imeburutwa na mbwa."

"Nilisema hivyo." Wankyo alijifuta unga kwenye kanga. "Ni mama mwenyewe. Kabla hajakata kauli alinishika mkono, akasema nguo isiingie shimoni na hawa watoto wako uchi. Nikamwahidi. Nilikuwa nakuogopa wewe, kaka, utaona tumemzika kishenzi. Na wewe, Wanzagi, nilikuogopa zaidi. Ulikileta kwa fahari vile. Nikasema ukijua nimekichukua, utasema dada yako mwizi wa sanda."

Mwaka mzima Wanzagi alikuwa amemwogopa dada huyu, na huyu alikuwa akimwogopa yeye.

"Na kitambaa, mama?" aliuliza afande. "Kiko wapi?"

Hapo ndipo Wankyo naye alipobadilika uso. Aliitazama Landrova, akatazama pingu za Magesa, kisha akaita kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake.

"Kija. Bernado. Gati. Njooni hapa."

Wakatoka watoto wake watatu, wa kike mkubwa, wa kiume, na kadogo ka mwisho. Kija alivaa gauni, Bernado kaptula, Gati kigauni kisicho na mikono, vyote vya nguo ileile nzito iliyofuliwa mpaka ikawa na rangi ya majivu.

"Vueni," alisema mama yao.

Wakavua. Wankyo akaligeuza gauni la Kija nje ndani akalitandika chini, na watu waliosogea wakarudi nyuma: pipa jeusi la injini lilikuwa pale vumbini, na bomba lake. Akageuza kigauni cha Gati, ukatokea mlima. Akageuza kaptula ya Bernado, gurudumu moja kila mguu. Afande Wenceslaus akachuchumaa, picha mkononi. Akaisogeza kaptula kidogo kushoto mpaka magurudumu yakaingia chini ya injini. Akausogeza mlima. Kisha akaweka kidole kwenye gauni, karibu na bomba, juu ya kiraka kilichoshonwa kwa uzi mweupe, akakiweka kidole cha pili kwenye picha. Askari alikuwa ameegemea koleo kama mtu aliyekuja kulima.

"Ndiyo hapa," alisema afande.

Esta alikaa chini pale pale aliposimama. Magesa hakusogea mpaka pingu zilipotoka, na zilipotoka aliendelea kushika mikono yake pamoja kana kwamba bado zipo.

Wote walikuwa wakiitazama treni, na hakuna aliyewatazama watoto. Walikuwa wamejipanga ukutani mwa jiko, uchi kama walivyozaliwa, Kija amejiziba kwa viganja na kugeuzia uso ukutani, kwa sababu alikuwa ameshafikia umri wa kuona haya, na ndani hapakuwa na nguo nyingine ya kwenda kuvaa. Wanzagi ndiye aliyewaona. Alisubiri afande ainuke ili aziokote nguo awarudishie.

Afande aliinuka, akaziokota yeye. Alizikung'uta vumbi moja moja, akazikunja vizuri, treni ndani, akamkabidhi askari.

"Hizi ni kielelezo," alisema. "Mkubwa wangu naye ataniuliza treni iko wapi."

"Zitarudi lini?" aliuliza Wankyo.

"Zitarudi, mama," alisema afande, kwa upole wake uleule. Hakumtazama yeye wala watoto. Akavaa kofia, Landrova ikawaka, ikashuka mteremko na treni ya Mukendo ndani yake, safari yake ya kwanza ya kweli.

Esta alifungua kanga yake ya juu akawazungushia Bernado na Gati pamoja. Wanzagi akamvika Kija koti la studio, likamfika chini ya magoti, mikono ikining'inia. Magesa alikuwa bado anatazama viganja vyake. Kule kwenye migomba Makongoro alikuwa hajainuka kaburini. Wanzagi akashuka, akaketi kando yake, na kwa mara ya kwanza akaweka mkono juu ya udongo ule. Ulikuwa na joto la jua tu.

Gati aliwafuata akiburuta ncha ya kanga. Alisimama mbele ya Wanzagi akamtazama kwa makini, kama mtu anayejua amefika kwa mhusika.

"Mjomba," aliuliza, "treni yetu wameipeleka wapi?"

Asubuhi ile Wanzagi aliamini kwamba katika mkoa mzima wa Mara ni yeye peke yake anayejua treni ile iko wapi. Sasa alimpakata mtoto, akamfunika vizuri, akamwambia hajui.